Kosa Lisilopiga Kelele

Juma lililopita nilikuwa Moshi kwa rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni. Wateja wake wengi ni wapanda mlima, nao huweka nafasi kupitia tovuti. Akaniambia mambo ni shwari. Siku hiyohiyo akapigiwa simu na bwana mmoja kutoka Mwanza, ambaye jina la ukoo wake linaanza na Ng'. "Kaka," akasema, "mtambo wenu haulitaki jina langu." Kila akibonyeza kitufe, ukurasa unabaki mweupe.

Kilichomponza ni ile alama ndogo ya ng'. Katika lugha ya hifadhidata nyingi, alama hiyo huonyesha mahali neno linapoanza na linapokwisha. Programu iliyoandikwa ovyo ikikutana na Ng', au na O' ya Waairishi, hudhani jina limekwisha, na amri yote inavurugika. (Wezi wa taarifa huupenda sana mlango huo, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Wageni wangapi waliondoka kimya bila kupiga simu? Rafiki yangu hajui.

Wenyeji wa Kibosho na Machame wataelewa upesi. Mfongo ukibomoka huko juu, mtu wa chini huona tu migomba yake haipati maji, kisha hana budi kuufuata mfongo kwa miguu mpaka apaone palipobomoka. Tovuti nayo ina daftari ambamo seva huandika kila hitilafu, ila nani hulisoma? Hata ule mtambo unaoitembelea tovuti kila dakika kuona kama iko hai usingesaidia, kwa sababu ukurasa ulikuwa ukifunguka vizuri. Kilichokufa ni fomu.

Dawa yake ni programu ya kufuatilia hitilafu. Mojawapo ni Sentry, iliyoanzishwa na David Cramer mwaka 2008. Fundi huweka kipande kifupi cha programu ndani ya tovuti na kukipa anwani ya kupeleka taarifa. Tangu hapo tovuti ikijikwaa, taarifa inakwenda: saa ngapi, ukurasa gani, mstari upi wa programu, simu au kompyuta ya aina gani. Makosa yanayofanana hufungwa fungu moja, hata yakitokea mara 1,000, ndipo fundi hupelekewa ujumbe.

Akishaweka, fundi asababishe kosa kwa makusudi aone kama taarifa inafika. Wengi huruka hatua hii. Asiruhusu king'ora kilie kwa kila jambo, maana baada ya siku tatu hakuna atakayekisikiliza. Nywila na namba za kadi zifutwe kabla taarifa haijaondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, si ya kuchezea.

Tena kipande hicho kiwekwe pande mbili, kwenye seva na kwenye ukurasa unaofunguka katika simu ya mgeni, kwa kuwa kosa la huko seva haiwezi kuliona. Fundi wa rafiki yangu aliweka zote mbili Jumamosi. Jioni taarifa ya kwanza ikaingia, wala haikuhusu ng'. Kalenda ya kuchagulia tarehe ilikuwa haifunguki kabisa kwenye simu za zamani.