Mnana: Fundi Asiye na Mikono

Umeshawahi kusimama chini ya mnazi uliojaa viota vinavyoning'inia kama vibuyu? Wenyewe ni mnana, wale ndege wa njano wenye kelele. Leo tumwangalie mmoja wao, mwenye kichwa cheusi, anayeitwa kisayansi Ploceus cucullatus.

Fundi hapa ni dume. Anang'ata ukingo wa jani, anaushika kwa mdomo, anaruka. Jani linachanika, naye anaondoka na ukanda mrefu. Lazima liwe bichi, maana jani kavu ukilikunja linavunjika. Kwa mdomo na miguu tu anaufunga kwenye kitawi, kisha anafuma pete. Akiwa amesimama palepale kwenye pete, anafuma hadi mdomo unapofika: upande huu chumba cha mayai, upande ule ukumbi, mlango ukitazama chini. Yaani mwili wake ndio futi yake.

Je, amezaliwa anajua? Nusu tu. Watafiti Nicholas na Elsie Collias walilea madume machanga bila majani mabichi ya kuchezea. Walipokua, walianza wakiwa mafundi wabovu. Silika ipo, ila mazoezi ni lazima.

Kiota kikiwa tayari, dume anajining'iniza mlangoni akipiga mabawa. Jike anaingia, anavutavuta kuta. Asiporidhika, anaondoka. Kiota kikikauka bila kupata mpangaji, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza upya. Jike akikubali, anatandika nyasi laini, anataga mayai mawili au matatu, anaatamia peke yake kwa siku kama 12, na kazi kubwa ya kulisha makinda ni yake. Dume? Yuko kwenye kiota kingine, anatafuta mke wa pili.

Sasa kuna mwizi: kekeo, anayetaga yai lake humo ili mnana amlelee. Kinda la kekeo likianguliwa, huyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba. Kinga ya mnana ni ya ajabu. Kila jike ana mayai ya sura yake: meupe au ya buluu-kijani, yenye madoa au bila. Ni kama sahihi. Yai geni analitambua na kulitupa.

Mnana hawa walipelekwa Morisi, kisiwa kisicho na kekeo huyo, katika karne ya 19. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa huko mayai ya majike tofauti yameanza kufanana. Mwizi akiondoka, hata sahihi hufifia.