Je, Wajua? Jiji Halipangwi Peke Yake

Mpaka wa jiji huchorwa na wapima ardhi na kupitishwa na viongozi. Maji, umeme, moshi wa viwandani na abiria wa alfajiri havina habari na mpaka huo. Majiji yakishakaribiana, uamuzi wa moja humgusa mkazi wa lingine, na hapo ndipo majiji hayo yanapolazimika kukaa pamoja na kupanga. Yapo yaliyokaa mapema yakanufaika, na yapo yaliyochelewa yakalipa. Hii ni mifano michache.

Majiji matano, ukanda mmoja

Je, wajua kwamba mwaka 1961 mwanajiografia Mfaransa Jean Gottmann alichapisha kitabu kizima, Megalopolis, kuhusu pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani? Alionyesha kwamba Boston, New York, Philadelphia, Baltimore na Washington, ambayo kutoka la kwanza hadi la mwisho ni zaidi ya kilomita 600, yalikuwa yameshaingiliana kwa biashara, ajira na barabara kiasi kwamba huwezi kulielewa moja ukiyaacha mengine. Leo ukanda huo una takriban watu milioni 50. Hauna serikali yake. Kinachouunganisha ni vyombo vya jambo mojamoja, kama Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, iliyoundwa mwaka 1921 ili majimbo mawili yaache kugombania bandari moja.

Maji ya New York yanatunzwa na wafugaji

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya maji ya New York hutoka kwenye milima iliyo mbali na jiji, mingine zaidi ya kilomita 150? Matawi ya juu ya Mto Delaware yako huko, na mto huohuo unanywesha pia Pennsylvania, New Jersey na Delaware. Majimbo hayo yalishitakiana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwaka 1931 na tena mwaka 1954. Hatimaye mwaka 1961 majimbo manne na serikali kuu yaliunda Tume ya Bonde la Mto Delaware. Ukame mkali wa miaka ya 1960 uliipima tume hiyo mara moja: maji ya mto yalipungua, maji ya chumvi kutoka baharini yakaanza kupanda kuelekea mahali Philadelphia inapochotea maji yake. Mwaka 1965 tume ilitangaza hali ya dharura na kusimamia mgao mpya. Safari hii hawakusubiri mahakama.

Mwaka 1997 New York ilikwenda mbali zaidi. Badala ya kujenga mtambo wa kuchuja maji ambao ungegharimu mabilioni ya dola, ilikubaliana na vijiji vya milimani: jiji linunue ardhi kwa hiari ya wenyewe, ligharimie matangi ya maji taka, na liwasaidie wafugaji wa ng'ombe kuzuia samadi isiingie mitoni. Mkazi wa jiji analipia usafi wa zizi ambalo hajawahi kuliona, na maji mengi yanafika bombani kwake bila kuchujwa.

Nchi moja, umeme wa aina mbili

Je, wajua kwamba Tokyo na Osaka hazitumii umeme unaofanana? Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya umeme ya Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani za mizunguko 50 kwa sekunde, nayo ya Osaka ikanunua za Marekani za mizunguko 60. Hakuna aliyewakalisha pamoja, na tofauti hiyo ipo mpaka leo, mpaka wake ukipita karibu na Mto Fuji.

Treni ya mwendokasi iliyozinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya majiji hayo, umbali wa kilomita 515, ilibidi ipate dawa yake: reli yote inatumia mizunguko 60, na upande wa mashariki vilijengwa vituo vya kuugeuza umeme kwa ajili yake. Lakini nyumba na viwanda havikupata dawa ya kutosha. Tetemeko na tsunami vilipozima mitambo ya mashariki mwezi Machi 2011, upande wa magharibi ulikuwa na umeme, ila vituo vya kuugeuza umeme wa nyumba na viwanda viliweza kuvusha takriban megawati 1,000 tu, sehemu ndogo ya upungufu uliokuwapo. Wakazi wa Tokyo na miji jirani wakaingia kwenye mgao wa umeme. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja.

Mto uliogeuzwa mfereji wa majitaka

Je, wajua kwamba mto mzima nchini Ujerumani ulitumika kama bomba la majitaka kwa zaidi ya miaka mia? Mto Emscher unakatiza eneo la Ruhr, ambako Dortmund, Gelsenkirchen, Essen na Oberhausen zimepakana hivi kwamba mgeni hatambui anapotoka moja na kuingia nyingine. Uchimbaji wa makaa ya mawe ulifanya ardhi ititie kila mara, na mabomba ya chini ya ardhi yangevunjika. Mwaka 1899 miji, migodi na viwanda viliunda ushirika wa kushughulikia mto huo kwa pamoja. Uamuzi wao ulikuwa kuunyoosha, kuusakafia kwa zege na kupitisha uchafu wote juu ya ardhi. Magonjwa yalipungua, mto ukafa.

Migodi ilipokuwa ikifungwa na ardhi kutulia, ushirika uleule ulianza kazi ya kuufufua, mwaka 1992. Bomba kuu lenye urefu wa kilomita 51 lilizikwa kutoka Dortmund hadi Dinslaken, mahali pengine kwa kina cha mita 40 hivi. Mwisho wa mwaka 2021 Emscher haikuwa tena na majitaka. Gharama ilizidi yuro bilioni 5, na hakuna mji hata mmoja wa Ruhr ambao ungeweza kuibeba peke yake.

Daraja linalozama baharini

Je, wajua kwamba kati ya Copenhagen ya Denmark na Malmö ya Sweden kuna daraja linaloishia katikati ya bahari? Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 2000. Kutoka Sweden gari na treni hupita darajani karibu kilomita 8, hushuka kwenye kisiwa cha kutengenezwa kiitwacho Peberholm, kisha huingia handakini. Nguzo ndefu upande wa Denmark zingezuia ndege za uwanja wa Kastrup na kuzibana meli. Kisiwa kilijengwa kwa mchanga na mawe yaliyochimbwa palepale baharini, kisha kikaachwa kiote chenyewe. Leo kina mamia ya aina za mimea, na wanaoruhusiwa kukanyaga ni watafiti.

Swali gumu lilikuja baada ya zege kukauka. Anayelala Malmö na kufanya kazi Copenhagen, kodi yake iende wapi, na nani alipie shule ya mtoto wake? Serikali mbili zililazimika kuwekeana mkataba wa kugawana.

Uwanja mmoja, nchi tatu

Je, wajua kwamba uwanja wa ndege wa Basel, jiji la Uswisi, uko Ufaransa? Mkataba wa mwaka 1949 uliziwezesha nchi hizo kuuendesha kwa pamoja, na barabara yenye uzio huwafikisha abiria wa Basel upande wa Uswisi bila kupita forodha ya Ufaransa. Wajerumani wa jirani nao huutumia. Tramu za Basel zilifika Weil am Rhein, Ujerumani, mwaka 2014, na stesheni ya Saint-Louis, Ufaransa, mwaka 2017.

Linganisha na daraja la Hong Kong, Zhuhai na Macau, nchini China, kilomita 55, lililofunguliwa Oktoba 2018. Uhandisi wake ni wa kustaajabisha, lakini gari binafsi haliruhusiwi kuvuka bila kibali maalumu, kwa kuwa kila upande bado una sheria, sarafu na forodha zake.

Na kwetu je?

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, na kwamba viongozi wa Murang'a wamewahi kudai mgawo wa mapato ya maji hayo? Katika usafiri, hatua imeshapigwa: mwaka 2017 Kenya iliunda mamlaka moja kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa sababu anayepanda matatu Thika asubuhi anakwenda kazini Nairobi.

Dar es Salaam nayo hunywa Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na mitambo yake ya maji iko mkoani Pwani. Mto ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2021, mgao ulimfikia mkazi wa Dar ambaye hana kura wala sauti juu ya shamba linalolimwa mteremkoni Uluguru. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeisogeza Morogoro karibu zaidi na Dar, na nyumba zitafuata reli. Viwanja vinapimwa sasa, kila halmashauri kwa ramani yake. Dar, Pwani na Morogoro zinahitaji ramani moja ya maji, reli na ardhi ya akiba, pamoja na mfuko ambao jiji litachangia kutunza vyanzo vyake. Ruhr ilisubiri karibu miaka mia kuufufua mto wake, ikalipa mabilioni. Sisi bado tuna nafasi ya kulipa kidogo.