Fedha Zipoteazo Jikoni

Mtu asimamaye Milimani wakati wa jioni, juu kwenye mteremko wa Menengai, huuona mji wa Nakuru umetandazwa chini yake mpaka ziwani. Huku juu yako majumba ya zamani yenye bustani pana. Kule chini ziko Bondeni, Kivumbini, Kaptembwo na Rhonda, ambako nyumba zimesongamana na moshi wa majiko huanza kupanda kabla jua halijatua. Nyumba hizo hazifanani kwa mapato, lakini zinafanana kwa jambo moja: katika kila moja ziko fedha zitokazo kila siku bila ya mwenyewe kuziona. Hazitoki dukani wala sokoni. Hutoka kwa joto lisilopika kitu, kwa maji yamwagikayo bure, na kwa chakula kiharibikacho kabla ya kuliwa.

Tena hasara hiyo humwumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Mwenye fedha hununua gunia zima la makaa. Asiye nazo hununua mkebe mmoja leo na mwingine kesho, na mikebe hiyo ikijumlishwa mpaka itoshe gunia, bei yake hupita sana bei ya gunia. Ndivyo yalivyo maji pia. Mwenye mfereji nyumbani hulipa kidogo kwa mtungi kuliko yule anunuaye kwa mkokoteni. Kwa hiyo haya yaelezwayo hapa yasidhaniwe kuwa ni ubahili, wala kuwa ni mambo ya maskini peke yao. Lakini yule anunuaye kidogo kidogo ndiye atakayepata faida yake mapema zaidi.

Yafaa kuanza na jiko, maana hapo ndipo penye hasara kubwa. Jiko la bati tupu lisilo na udongo ndani hupata moto kila upande mpaka chuma kikawa chekundu, na wengi hufurahi kuliona hivyo wakidhani kwamba ni dalili ya moto mzuri. Kumbe joto linaloufanya ubavu wa jiko uwe mwekundu ni joto lililonunuliwa kwa fedha, nalo linapasha hewa ya jikoni badala ya sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Nishati ya Kenya, pamoja na jumuiya ya mashirika iitwayo KENGO na mafundi wa jua kali, walichukua mfano wa jiko la nchi ya Thailand wakaugeuza upatane na mapishi ya hapa. Ndilo jiko lijulikanalo sasa kila soko: pana juu, pana chini, jembamba kiunoni, na ndani limewekwa chungu cha udongo uliochomwa. Udongo huo huzuia joto lisitoke ubavuni, nalo likitumiwa vyema hupunguza makaa kwa theluthi moja hata nusu. Nyumba iliyokuwa ikitumia mikebe miwili kwa siku yaweza kutumia mmoja na kidogo, na bei ya jiko ikarudi upesi.

Lakini jiko zuri halimfai asiyejua kulitunza. Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kulimwagia maji ili kuzima makaa baada ya kupika. Udongo wenye moto ukipatwa na maji baridi hupasuka, na chungu kikipasuka, jiko limerudi kuwa bati. Makaa yaliyobaki yaondolewe kwa koleo, yatiwe katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yatakufa yenyewe, na kesho yatashika moto upesi kuliko makaa mapya. Mlango wa jiko nao haukuwekwa kwa urembo. Uachwe wazi wakati wa kuwasha, na chakula kikisha kuchemka ufungwe nusu, maana sufuria ikisha kuchemka haizidi kupata moto hata makaa yakiongezwa. Linalozidi ni mvuke tu. Na sufuria ifunikwe. Jambo hili ni dogo hata watu huona haya kuliandika, walakini pita katika nyumba kumi uone ni ngapi zinazofunika.

Chakula kilacho makaa kuliko vyote katika Bonde la Ufa ni githeri. Mahindi makavu na maharagwe yakipikwa bila kulowekwa hukaa motoni saa tatu na zaidi. Yakilowekwa tangu jioni, maji yale yakamwagwa asubuhi, muda wa kupika hupungua sana, na tumbo nalo hupata nafuu. Wako pia watumiao kikapu. Kikapu kikubwa hutandikwa ndani kwa matambara mazito, pamba au majani makavu yaliyoshonewa nguoni, na mto wa kufunika juu yake. Wali ukichemka dakika chache hutiwa humo na sufuria yake, ukafunikwa sana, ukaiva bila moto wowote. Kwa maharagwe yapasa yalowekwe kwanza, kisha yachemke kwa nguvu kwa muda wa nusu saa kabla ya kuingia kikapuni. Maharagwe mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu imtapishayo mtu. Baada ya saa chache sufuria irudishwe motoni ichemke tena kidogo kabla ya kupakua.

Hapa hapana budi kutoa onyo. Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,850, na usiku wa Julai ni baridi kali. Wengine, kwa kutaka joto la makaa yaliyobaki lisipotee, huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Makaa yawakayo penye hewa chache hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, wala rangi, wala moshi wa kumwamsha aliyelala. Watu huumwa kichwa, wakalegea, wakalala, wasiamke. Jiko lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata likionekana kuwa limekwisha zimika. Blanketi moja zaidi ndiyo akiba iliyo salama.

Vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia, ambalo wengi hulitupa, laweza kuchanganywa na udongo kidogo wa mfinyanzi au karatasi zilizolowekwa, likafinyangwa madonge na kuanikwa juani. Madonge hayo hayashiki moto upesi, bali yakisha kushika hukaa muda mrefu, nayo yafaa sana kwa githeri. Kampuni ya maji na usafi ya Nakuru, NAWASSCO, imekwenda mbele zaidi: kinyesi kitolewacho vyooni kilikaushwa juani, kikachomwa pamoja na vumbi la mbao, kikachanganywa na molasi, kikafanywa madonge ya kupikia yasiyo na harufu. Wasikiao habari hiyo mara ya kwanza hucheka. Lakini na wafikiri hesabu ya miti: kwa tanuru ya udongo itumiwayo vijijini, kilo moja ya makaa hugharimu kilo 6 hata 10 za kuni. Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu mpaka Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023, bei ya makaa ilipanda, na waliokuwa na majiko ya udongo ndio walioona unafuu. Mito Njoro na Makalia, iingiayo Ziwa Nakuru, hutoka katika msitu wa Mau.

Sasa habari ya maji. Maji ya visima vingi vya upande huu yana madini ya floridi kwa wingi, kwa sababu ya mawe yaliyotoka katika milima ya moto. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita hapo. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yanapoumbika hutoka na meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Watu wengi huyachemsha maji hayo wakidhani wameyatakasa. Kuchemsha huua vijidudu, na hilo ni jema. Bali floridi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kuwa nyingi katika kila kikombe. Hivyo mtu hupoteza makaa na hajapata alilolitaka. Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, ambayo huishika floridi.

Lakini maji ya mvua hayana floridi ya kutajwa, nayo huanguka juu ya paa bila malipo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nakuru hupata kadiri ya milimita 900 kwa mwaka. Paa la mabati la mita 5 kwa 6 ni mita 30 za mraba, basi lapokea lita 27,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayoruka na kumwagika, zinabaki lita 21,600, yaani mitungi 1,080 ya lita 20. Na mwenye kununua maji azidishe idadi hiyo kwa bei ya mtungi mmoja mtaani kwake, kisha aulize bei ya mfereji wa bati wa kuwekwa ukingoni mwa paa. Asiye na tangi kubwa aanze na pipa moja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwa kuwa huosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe mbu wasizalie humo. Na maji ya kunywa yachemshwe, kwani hapa kuchemsha kuna maana.

Huko Milimani kwenye mifereji mingi hasara ni ya namna nyingine. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde humwaga karibu mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, na kipande cha mpira kinachouzuia ni cha bei ndogo kabisa.

Kwa wakulima wa Njoro, Rongai na Bahati, hasara kubwa ya chakula haiko mezani bali ghalani. Mahindi yakiwekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu fulani huleta sumu ya aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyooza hivyo yasipewe ng'ombe wa maziwa pia, kwa maana sumu hupita katika maziwa. Ukavu hujulikana hivi: chukua chupa kavu, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, uache yatulie. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakisha kukauka, magunia yenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa huwaua dumuzi bila dawa, mradi yafungwe sawasawa na panya wasiyatoboe.

Taka za nyumba za Nakuru hupelekwa Gioto, kwenye mteremko ule ule wa Menengai, na mvua kubwa huzishusha kuelekea mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini sehemu kubwa ya taka za nyumbani ni maganda na mabaki ya mboga, ambayo si taka hata kidogo. Maganda ya ndizi na viazi na majani ya kabichi yakifukiwa pamoja na majani makavu, yakageuzwa kila juma, baada ya miezi mitatu huwa mbolea nyeusi. Mwenye plotí isiyo na shamba huijaza katika gunia pamoja na udongo, akaweka mawe madogo katikati tangu chini hata juu ili maji yapite, kisha akatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki pande zote. Gunia kama hilo hutosha kusimama mlangoni, nalo hunyweshwa jioni kwa maji yaliyooshea mboga.