Baba anafunga geti, mama analifungua

Saa nne usiku baba anasukuma komeo, anatia kufuli na kuingia ndani na funguo zake. Tangu jioni ametangaza kwamba atakayechelewa atalala nje. Saa saba na nusu simu ya mama inatetemeka chini ya mto. Anajifunga kanga, ananyata hadi kwenye kabati la vyombo na kutoa ufunguo wa akiba alioficha nyuma ya sahani za wageni. Kijana wa miaka 24 anapita bila salamu, ananuka sigara, anakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Asubuhi baba anamkuta amelala chumbani mwake, na ugomvi unaozuka hapo ni wa mume na mke. Mwenye kosa anausikia akiwa amejifunika shuka.

Habari hii ina sura nyingi, na nimeisikia Temeke, Ubungo hadi Mbagala. Wazazi huionea aibu sana. Mama atakueleza presha yake, sukari yake, hata deni la vikoba, lakini mwanawe aliyemaliza chuo na sasa anamjibu "usinipangie maisha" atamficha mpaka siku majirani watakaposikia vyombo vikivunjika. Kila nyumba hudhani imelaaniwa peke yake. Nikiwasikiliza wazazi hawa, kitu kimoja kinajirudia: kijana mkaidi huishi katika upenyo ulio kati ya baba na mama. Anaijua sheria ya baba, anaijua huruma ya mama, na anajua saa ya kupita katikati.

Tumtendee haki kwanza. Wengi wao hawakai nyumbani kwa kupenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi afikishe miaka 18, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamwita kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Kuanzia 18 hadi 35 ni miaka 17, na sebuleni kwetu hakuna aliyekaa akaamua huyu ni nani katika miaka hiyo. Amemaliza shahada, ana deni la Bodi ya Mikopo, ametuma maombi Sekretarieti ya Ajira, ameitwa kwenye usaili na kurudi kimya. Akitafuta chumba, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwingine ya mwaka. Basi anabaki. Nje ni mtu mzima mwenye kitambulisho na kadi ya kura. Nyumbani anaitwa kwa kupigiwa kelele dirishani akanunue chumvi, na mjomba akija anamuuliza mbele ya wageni, "Wewe siku hizi unafanya nini?" Aibu ya namna hiyo haichukui muda kugeuka kiburi.

Wazee wetu walilijua tatizo la wanaume wawili wazima chini ya paa moja. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela walikuwa na utaratibu ambao mwanaanthropolojia Monica Wilson aliuandika katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Mvulana akifika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda kando pamoja na wa rika lake, na kijiji chao kikakua nao hadi wakaoa. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ila jembe lao lilikuwa shambani kwa baba. Kijana alipewa umbali, akapewa sahani, akadaiwa jasho, na kila mtu alijua hivyo. Leo tunampa sahani, halafu tunashangaa kwamba anagombania umbali.

Ndiyo maana naamini kikao cha kwanza ni cha baba na mama peke yao, wakati kijana hayupo. Waulizane bila kufichana: geti linafungwa saa ngapi, na akichelewa inakuwaje? Nani anampa pesa kwa siri, na kiasi gani? Kama baba hawezi kweli kumwacha mwanawe alale barazani, asitangaze kwamba atamwacha. Amri ndogo inayotekelezwa na wote wawili ina nguvu kuliko vitisho vikubwa ambavyo mama atavitegua usiku. Mzazi anayelea peke yake naye ana mwenzake wa kusemezana naye kabla, iwe bibi wa watoto au dada yake, maana hao ndio kijana atakaowakimbilia akishakatazwa.

Kikao cha pili ndicho cha kumwita. Isiwe siku ya ugomvi, wala mbele ya wadogo zake. Akiwapo mtu anayemheshimu, shangazi au mjomba asiye na maneno ya kuumiza, mambo huenda vizuri zaidi. Hapa nawasihi wazazi wenzangu juu ya jambo moja: radhi. Nimewahi kumsikia mama akimwambia binti yake "sikupi radhi yangu" kwa sababu ya vyombo visivyooshwa. Neno hilo ni zito mno. Kijana anayelisikia kila wiki ama huacha kuliogopa, ama huamini kwamba tayari amekwisha kulaaniwa na hana cha kupoteza. Litunzwe.

Akishakaa, apewe mzigo wa kweli. Jirani yangu mmoja anauza vitumbua Tandika. Mwanawe alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu siku anazotaka, akirudi na mkeka wa kubeti uliochanika na njaa. Mama hakumwomba mchango wa "chochote". Alimwambia, "Kuanzia leo umeme wa nyumba hii ni wako." Luku ilipoisha mara ya kwanza nyumba ilikaa gizani, na baba alitaka kutuma mtu akanunue yuniti. Mama akamzuia, wakala kwa mwanga wa simu, kijana naye yumo, simu yake ikiwa haina chaji. Hakuhubiriwa. Baadaye nilimsikia kwa masikio yangu akiwagombeza dada zake kwa kuacha pasi kwenye soketi. Alikuwa anaongea kama mwenye nyumba.

Na hao dada wasisahaulike. Katika nyumba nyingi binti wa miaka 22 akirudi saa mbili usiku anahojiwa kama mshtakiwa, huku akifua mashati ya kaka anayerudi alfajiri. Akianza kujibu tunasema ameharibiwa na mitandao. Mimi nadhani amehesabu, akaona hesabu haikai sawa.

Kuna ukaidi ambao si ukaidi. Maradhi makubwa ya akili, yakiwamo skizofrenia, mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya sekondari na umri wa miaka 30. Kijana aliyekuwa msafi anaacha kuoga, halali, anajifungia, anaongea na asiyeonekana, anawashuku walio nyumbani. Wazazi huona kiburi au mkono wa jirani, na miezi inapita kabla hajafikishwa hospitali. Dawa za kulevya nazo hujificha hivyohivyo, mpaka sufuria na redio zianze kutoweka. Huku mashauri ya shangazi hayatoshi. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini tangu 2011, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza pa kuanzia. Kijana akimpiga mama yake, suala limetoka katika malezi. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lipo kwa ajili ya mama huyo pia, na kwenda huko si kumsaliti mwana.

Kwa waliobaki, walio wengi, lililo bora ni kuwaandalia njia ya kutoka. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, na mzazi anaweza kumsindikiza mwanawe hadi ofisi ya maendeleo ya jamii badala ya kumwambia tu "katafute kazi". Kuna pia wazazi wanaofanya jambo ninalolipenda sana. Wanadai mchango wa kila mwezi bila kulegeza, tuseme Sh30,000, nao hawaugusi. Unakaa kwenye akaunti ya mama, baba akijua, kijana asijue. Chumba cha Sh50,000 kwa mwezi kinahitaji Sh300,000 za kuanzia, nazo hutimia mwezi wa kumi. Siku hiyo wanamkabidhi fedha yake, godoro, jiko la gesi na sufuria mbili, na baba anatafuta pikapu ya kumhamisha.