Mwenye Nyumba na Mpangaji
Kule Mwanjelwa, Mbeya, na Kihesa, Iringa, ndugu wengi hupanga nyumba kwa mapatano ya mdomo tu. Kodi ikichelewa, ugomvi huzuka.

Twasema wazi: kodi ni deni, na asiyelipa hula jasho la mwenziwe. Lakini mwenye nyumba asing'oe mlango wala kutupa vyombo nje. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka atoe kwanza notisi ya maandishi. Wakishindwa kupatana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mkataba ndio ngao ya wote wawili. Basi, ndugu, uandikeni: kodi ni kiasi gani, yalipwa lini, na isipolipwa itakuwaje.