Utangulizi: Elimu ya Pombe, Kuanzia Misungwi

Anayetaka kujifunza elimu ya upikaji wa pombe akiwa Misungwi hana haja ya kusubiri shayiri ije kwa meli. Mtama upo, uwele upo, na wapo akina mama wanaoutoa mtama kwenye gunia na kuufikisha kwenye kata ya kunywea bila kugusa kipimajoto. Sehemu kubwa ya kitabu hiki inahusu bia za mtindo wa Ubelgiji zinazopikwa nyumbani na kutiwa hopsi za Marekani, maua ya kuzipa bia uchungu, lakini nakukaribisha kwa mlango wa akina mama hao. Sababu yangu ni ya kikemia kuliko ya kizalendo.

Tuanze na kimea. Mtama hulowekwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa, kisha husagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Ugumu uko hapa: wanga wa mtama hauivi vizuri mpaka joto lifike nyuzi 70 za Selsiasi hivi au zaidi, na katika joto hilo vimeng'enya vyenyewe huanza kuharibika. Wanga wa shayiri huiva mapema zaidi, ndiyo maana mpishi wa Ulaya huchanganya kila kitu katika chungu kimoja na mambo yakaenda. Anayepika mtama kwa kanuni hiyo huishia na uji usio na utamu wa kutosha. Mpishi wa kwetu hupika kwanza uji wa unga mpaka uive kabisa, akauacha upoe, ndipo akatia kimea. Ametatua tatizo la vimeng'enya kwa mpangilio wa kazi tu, na mimi sijaona ufumbuzi bora kuliko huo kwa asiye na mashine.

Baada ya sukari huja swali la kinga, maana kitoweo kitamu namna hiyo kila kijidudu hukitamani. Pombe ya mtama hujilinda kwa uchachu: bakteria wa asidi ya laktiki hutangulia, wakaufanya uji uwe mahali pagumu kwa vijidudu vya kuozesha. Kinga hiyo ni ya muda mfupi, hivyo pombe hunywewa ingali ikichachuka. Hopsi hufuata njia nyingine. Asidi zake za alfa, zikichemshwa, hubadilika kuwa uchungu, na uchungu huo huwazuia bakteria wale wale tunaowategemea sisi. Mpishi wa nyumbani lazima achague mapema anataka uchachu au uchungu, kwa kuwa vyote viwili kwa wingi hugombana kinywani.

Hopsi yenyewe hatutaivuna hapa. Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi na hustawi zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, ilhali Misungwi haifiki nyuzi 3 kusini ya Ikweta na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Zinazotufaa ni za kununua, zikiwa zimekaushwa na kushindiliwa. Ninapendekeza Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, yenye harufu ya balungi. Kumbuka pia kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, uchungu hutoka polepole, na muda wa kuchemsha ulioandikwa kwa ajili ya mji wa pwani hautoshi.

Joto, kwa upande mwingine, ni rafiki. Bia ya laga hutaka ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13 wakati wa kuchachuka, yaani umeme na jokofu. Hamira nyingi za Ubelgiji hupenda vuguvugu, na zile za saison, bia inayohusishwa na vibarua wa mashamba ya Wallonia, hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 30. Katika vuguvugu hilo hutoa harufu ya ndizi mbivu na ya karafuu ingawa hakuna ndizi wala karafuu chunguni. Karibu na Brussels kuna bia ya lambic ambayo haitiwi hamira yoyote ya maabara. Huachwa ipokee vijidudu vya hewani na vya mapipa ya mbao. Hansen, mtaalamu wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg nchini Denmark, alitenga hamira safi mwaka 1883, na viwanda vikamfuata, lakini wapishi wa lambic waliendelea na utaratibu wao. Mtungi unaotumika tena na tena huku kwetu, wenye masalia ya pombe iliyopita, ni wa ukoo huo.

Ndoa ya hamira ya Ubelgiji na hopsi za Marekani nayo si ndoto. Kiwanda cha Achouffe cha Ubelgiji kilitoa bia ya namna hiyo, Houblon Chouffe, mwaka 2006, ikawa na ufuasi mkubwa.

Neno moja la tahadhari: humu hakuna mahali tunapofundisha kutonesha gongo. Kazi hiyo ni haramu kisheria bila leseni, na pombe kali isiyopimwa imeua watu.

Andaa mtama kilo mbili, gunia safi na sufuria kubwa. Sura ya kwanza ni kimea.