Je, Wajua? Ritifaa na Vitufe Vyake vya Siri

Katika alama zote azitumiazo mwandishi wa Kiswahili, sidhani kama ipo iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa kazi kuliko ritifaa, kile kinukta chenye mkia kining’iniacho baada ya herufi n na g kikaitenga sauti ya ng’ombe na ya ngoma, na ambacho washairi wa pwani, wafanyapo inkisari ili mizani itimie, hukitia mahali pa silabi waliyoidondosha, hata “nimeona” ikawa ’meona. Walakini aandikaye kwa kompyuta, abonyezapo kitufe cha alama hiyo, aghalabu hupata kijiti kilichosimama wima ('), kisichopinda kushoto wala kulia. Na asili ya kijiti hicho ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe.

Wachapaji wa zamani, waliopanga herufi za risasi mojamoja kwa mkono, walikuwa na ritifaa iliyopinda mfano wa tarakimu 9, na alama ya kufungulia nukuu iliyopinda mfano wa 6. Taipureta, aliyoibuni Christopher Latham Sholes pamoja na wenzake huko Milwaukee, Marekani, wakapewa hataza mwaka 1868, na ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874, ilikuwa mashine yenye vitufe vichache. Kwa hiyo, kwa ubahili nisioweza kuulaumu sana, maana kila kitufe kilidai chuma chake na fedha yake, alama mbili zikafanywa moja isiyo na upande. Ilipotungwa orodha ya alama za kompyuta iitwayo ASCII mwaka 1963, yenye nafasi 128 tu za herufi, tarakimu na amri za mitambo, ubahili ule ukarithiwa.

Hata hivyo, ritifaa iliyopinda haikupotea, ila ilipewa namba. Katika Windows, shikilia kitufe cha Alt, andika 0146 kwa tarakimu zilizo upande wa kulia wa kibodi, Num Lock ikiwa imewashwa, kisha uachie. Usiidharau ile sufuri ya mwanzo: ukiiacha, kompyuta nyingi zitairejea orodha ya kale iliyokuja na kompyuta za IBM za mwaka 1981, ambamo 146 ni herufi Æ waitumiayo Wadenmaki. Mwenye kompyuta ya Apple hubonyeza Option na Shift pamoja na mabano ya mraba ya kufungia. Katika Linux, programu nyingi hukubali Ctrl, Shift na U, kisha 2019, ndiyo namba ya ritifaa hiyo katika orodha pana ya leo iitwayo Unicode, halafu Enter.

Huenda msomaji akauliza taabu yote hii ni ya nini, ilhali programu za kuandikia hukipinda kijiti zenyewe. Hukipinda, naam, lakini kwa kubahatisha: kikija katikati ya neno hukipa umbo la 9, na ng’ombe husalimika, kikija baada ya nafasi hukidhani kuwa ni mwanzo wa nukuu, kikapewa umbo la 6. Basi ’meona ya mshairi hugeuka ‘meona, na shairi zima likajaa nukuu zilizofunguliwa zisifungwe, kosa ambalo kikagua-tahajia hakilioni, kwa kuwa hakijui inkisari ni kitu gani. Asiyependa kukariri namba, na aandike ritifaa mbili mfululizo, kisha aifute ya kwanza. Ile ibakiayo ndiyo iliyopinda sawasawa.

Wapo wasemao kwamba, maadamu ritifaa ya ng’ ni sehemu ya herufi wala si kituo, yafaa ipewe namba nyingine ya Unicode, 02BC, iliyowekwa kwa alama za namna hiyo. Hoja ni sahihi, lakini faida yake naiona haba, kwani kwa macho alama hizo hazitofautiani, ilhali atafutaye neno katika hati kwa kijiti cha kawaida huenda asilipate kabisa. Katika barua na ujumbe wa kila siku, kijiti chatosha. Lakini ninyi mnaohariri diwani, kabla hamjaupeleka mswada kwa mpiga chapa, pitieni kila mshororo unaoanza kwa ritifaa, mhakikishe kwamba imepinda mfano wa 9.